Mtoto mwenye kisukari: Namna ya kumlea tangu siku ya kwanza hadi ujana

MTOTO aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anapoanza upya tabia hiyo, wazazi wengi humkaripia na wengine humchapa. Akionekana kunywa maji kikombe baada ya kikombe, husemwa kuwa ni joto. Akikonda, husemwa ni minyoo. Hatimaye anapoanza kutapika, kulalamika tumbo na kuhema kwa nguvu, hukimbizwa katika zahanati ambako, kwa kuwa tunaishi katika nchi zenye malaria, huandikiwa dawa ya malaria na kurudishwa nyumbani. Siku mbili baadaye huenda amekwisha kupoteza fahamu.

Mlolongo huo si wa familia moja. Madaktari wa watoto katika Afrika Mashariki wanaufahamu vyema, kwani wengi wa watoto wenye kisukari huwafikia wakiwa katika hatua hiyo ya mwisho. Aidha, haya ni maradhi ambayo kipimo chake ni tone moja la damu ya kidole na jibu lake hupatikana kwa muda usiofika dakika moja. Kiwango cha milimoli 11.1 kwa lita au zaidi kwa mtoto mwenye dalili hizo, awe amekula au hajala, chatosha kumpeleka hospitali siku hiyo hiyo bila kusubiri kesho.

Ili kuelewa matunzo ya mtoto wa namna hii, ni vema kwanza kuelewa kilichoharibika. Chakula cha wanga, kiwe ugali, wali, ndizi au mihogo, humeng'enywa na kuwa glukosi, ambayo huchukuliwa na damu na kupelekwa kila pembe ya mwili. Glukosi hiyo huhitaji insulini, homoni inayotengenezwa na kongosho, ili iweze kuingia katika seli na kutumika. Kwa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili wake imezigeukia seli zinazotengeneza insulini na kuziangamiza. Sukari hubaki katika damu, figo huitoa pamoja na maji mengi, na hapo ndipo yanapoanza kukojoa mara kwa mara na kiu isiyokatika. Seli zikiwa na njaa, mwili huanza kuunguza mafuta na misuli yake wenyewe. Mabaki ya mafuta hayo ni ketoni, nazo ni tindikali. Zikijaa katika damu, mtoto hutapika, huhema kwa kina na kwa haraka, na pumzi yake hunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hali hiyo huua ikiwa hakupata maji ya dripu na insulini chini ya uangalizi wa karibu.

Yafaa isemwe wazi: aina hii ya kisukari haisababishwi na kula peremende, wala si uzembe wa mama, wala si kurogwa. Hakuna mzizi wala unga wa majani uwezao kufanya kazi ya insulini. Sala haikatazwi, lakini isichukue nafasi ya sindano. Kipo pia kisukari cha aina ya pili, kile tulichozoea kukiona kwa watu wazima, ambacho sasa huonekana hata kwa vijana wenye uzito uliozidi. Hicho huweza kutibiwa kwa vidonge, mazoezi na mpangilio wa chakula. Makala haya yanahusu zaidi aina ya kwanza.

Kabla ya mwaka 1922, mtoto mwenye maradhi haya alikuwa akisubiri kifo tu, na tiba pekee ilikuwa kumnyima chakula ili aishi miezi michache zaidi. Mabadiliko yalitokea Toronto, Kanada, ambako Frederick Banting na Charles Best, wakifanya kazi katika maabara ya Profesa J.J.R. Macleod, walipata dawa kutoka katika kongosho la wanyama. Mtu wa kwanza kudungwa alikuwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, mwezi Januari mwaka huo. Sindano ya kwanza haikumfaa. Ya pili, iliyosafishwa na James Collip, ilimwinua kitandani, naye aliishi miaka 13 zaidi. Wagunduzi hao waliiuzia haki ya ugunduzi wao Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja, ili dawa isije ikahodhiwa. Ni jambo la kusikitisha kwamba miaka 100 baadaye bado wapo wazazi katika vijiji vyetu wanaouza mbuzi ili kununua kichupa kimoja.

Hapa kwetu, utafiti wa miaka 10 uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 1993 ulikadiria kuwa kila mwaka hugunduliwa mgonjwa mpya 1.5 hivi kwa kila watu 100,000 wenye umri usiozidi miaka 19. Hicho ni kiwango kidogo mno kikilinganishwa na Finland, inayoongoza duniani, ambako idadi ya watoto wanaogunduliwa hupita 50 kwa kila 100,000. Wataalamu wamekuwa wakijiuliza ni sehemu gani ya tofauti hiyo inatokana na asili, na ni sehemu gani inatokana na watoto wanaozikwa kabla hawajapimwa.

Sindano na kichupa chake

Mtoto akitoka hospitali, mzazi hugeuka kuwa muuguzi. Katika vituo vingi vya umma hutumika insulini iliyochanganywa, ile yenye weupe kama maziwa, ambayo hudungwa mara mbili kwa siku: takriban theluthi mbili asubuhi na theluthi moja jioni, kiasi cha nusu saa kabla ya chakula. Kichupa huviringishwa taratibu katikati ya viganja hadi dawa ichanganyike. Hakitikiswi kwa nguvu. Wengine hupewa aina mbili, moja ya kazi ya haraka kwa kila mlo na nyingine ya kazi ndefu, mpango ambao huiga vizuri zaidi kongosho lenye afya, ingawa unadai sindano nne na upimaji wa mara kwa mara.

Sehemu za kudunga ni tumbo, mapaja, makalio na upande wa nje wa mkono wa juu. Watoto hupenda sehemu moja iliyokwisha kufa ganzi, na wazazi huwaonea huruma wakawaachia. Huruma hiyo ina gharama. Sehemu inayodungwa kila siku huvimba mafuta chini ya ngozi, na dawa ikiingia hapo hufyonzwa ovyo, leo nyingi, kesho kidogo. Pia mabomba ya sindano yaangaliwe: insulini ya yuniti 100 kwa mililita huvutwa kwa bomba la yuniti 100. Likitumika bomba la yuniti 40, mtoto hupata dozi mara mbili na nusu ya aliyoandikiwa.

Mara tu baada ya kuanza dawa, watoto wengi hupata nafuu kubwa hadi dozi hupunguzwa sana. Kipindi hiki huweza kudumu wiki au miezi, na ndicho kinachowaponza wengi. Baba hutangaza kuwa mtoto amepona, sindano huachwa, na shukrani hupelekwa kwa mganga aliyekuwa akitoa majani yake wakati huo huo. Kumbe ni seli chache zilizosalia zilizopata pumziko. Nazo zitakwisha.

Swali linaloulizwa sana ni la jokofu. Kichupa ambacho hakijafunguliwa chapaswa kukaa katika nyuzi joto 2 hadi 8, mbali na sehemu inayogandisha, kwani insulini iliyoganda hutupwa. Kilichofunguliwa chaweza kukaa nje kwa takriban wiki nne, kivulini, joto lisizidi nyuzi 30. Kwa nyumba isiyo na umeme, njia inayofundishwa kliniki ni ya vyungu viwili: kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga unaolowekwa maji kila siku. Njia hii hufanya kazi vizuri zaidi katika hewa kavu ya Dodoma au Singida kuliko katika unyevu wa Tanga na Unguja, kwa sababu ubaridi wake hutokana na maji kukauka.

Wengi walikuwa wakidhani kuwa joto la Afrika huiharibu insulini mara moja. Chuo Kikuu cha Geneva na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka walilichunguza jambo hilo kwa kupima joto la nyumba za wakimbizi katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, ambako lilipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa insulini iliyowekwa katika joto hilo la kupanda na kushuka kwa wiki nne ilibaki na nguvu karibu sawa na ile ya jokofuni. Si ruhusa ya kuiacha dirishani au ndani ya gari lililoegeshwa juani. Lakini ni faraja kwa mama aliyekuwa akitembea kilomita kadhaa kila siku kumpeleka mtoto akadungwe zahanati kwa sababu tu huko kuna jokofu.

Mezani na shuleni

Kuhusu chakula, hakuna haja ya kumpikia mtoto chungu chake peke yake. Anahitaji kukua, hivyo wanga hauondolewi. Hupimwa na kugawanywa. Ugali wa dona, maharage, mchicha, matembele, dagaa na samaki ni chakula chema kwake na kwa nduguze wote. Kinachobanwa ni chai ya vijiko vinne vya sukari, soda, sharubati na maandazi ya kila asubuhi. Lililo muhimu zaidi ni saa. Mtoto aliyedungwa insulini iliyochanganywa asubuhi lazima ale mchana kwa wakati, kwa maana dawa itafanya kazi yake chakula kiwepo kisiwepo.

Hapo ndipo penye hatari ya pili, sukari kushuka chini ya milimoli 4. Mtoto hutetemeka, hutoka jasho jembamba, hupata njaa ya ghafla, hukasirika bila sababu au husinzia darasani. Ikishuka zaidi huanguka na kukakamaa, na jirani atakayemwona atasema ni degedege, kifafa au mashetani. Tiba yake, akiwa bado anaweza kumeza, ni vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Kwa mtoto mdogo kijiko kimoja au viwili hutosha. Apimwe tena baada ya dakika 15, apewe tena kama bado iko chini, kisha ale kitu kama mlo uko mbali. Aliyepoteza fahamu asitiliwe chochote kinywani. Alazwe ubavu na akimbizwe kupata dripu ya glukosi au sindano ya glukagoni.

Msomaji aliyesoma shule zetu atakumbuka mchakamchaka wa alfajiri, foleni ya chakula iliyochelewa kwa sababu kuni zimelowa, na adhabu ya kufyeka majani saa saba mchana. Kwa mtoto aliyedungwa insulini, kila moja ya hayo yaweza kumwangusha. Si kwamba asikimbie. Mazoezi yana faida kubwa kwake. Ale kwanza kitu kidogo, na awe na sukari mfukoni. Mwalimu wa darasa, mwalimu wa michezo na matroni wa bweni waambiwe tangu siku ya kwanza, kwa barua ya daktari, mambo matatu tu: aruhusiwe kwenda msalani na kunywa maji, aruhusiwe kula darasani akijisikia vibaya, na asiachwe aende peke yake zahanati anapotetemeka. Shule za bweni zimewahi kuwakataa watoto hawa kwa hofu. Mwandishi wa makala haya haoni sababu ya msingi ya hofu hiyo, mradi kuna mtu mzima mmoja anayejua kutumia kipimo na mahali pa kuweka kichupa.

Kosa jingine hutokea mtoto anapougua homa. Hali chakula, basi mzazi huona ni busara kuacha sindano. Ni kinyume. Ugonjwa wowote hupandisha sukari hata bila chakula, na insulini ikiachwa kabisa ketoni hujitokeza ndani ya saa chache. Dozi huenda ikabadilishwa, lakini haiachwi. Mtoto apimwe kila baada ya saa tatu au nne, anywe maji mengi, na akitapika mfululizo au ketoni zikionekana katika mkojo apelekwe hospitali, hata kama ni usiku.

Mlango wa balehe

Familia nyingi zilizokwisha kuzoea maisha haya hushtuka mtoto anapofika miaka 12 au 13. Dozi zilizokuwa zikitosha hazitoshi tena. Kabla ya balehe mtoto huhitaji kwa kawaida yuniti 0.7 hadi 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Wakati wa balehe mahitaji hupita 1.2 na huweza kufika 2. Sababu ni homoni za ukuaji na za balehe, ambazo hupingana na insulini. Kwa wasichana, sukari huweza pia kupanda siku chache kabla ya hedhi. Mzazi asiyelijua hili huona namba kubwa katika kipimo na kumshutumu kijana kuwa anakula vitu vitamu kwa siri. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi ni mwili tu unaokua.

Shutuma huzaa uongo. Wauguzi wa kliniki hulifahamu vizuri daftari lililojazwa usiku wa kuamkia siku ya kliniki: namba zote nzuri, zote kwa kalamu moja, na mwandiko usiobadilika kwa miezi mitatu. Kumgombeza kijana hapo hakusaidii. Swali lenye manufaa ni lile linalouliza ni sindano ipi ya siku iliyo ngumu kwake na kwa nini. Mara nyingi ni ile ya mchana, shuleni, mbele ya wenzake. Wapo wanaojificha chooni kujidunga, na wapo wanaoiruka. Baadhi ya wasichana wamegundua kuwa wakipunguza insulini wanakonda, nao huifanya kuwa njia ya kupunguza mwili bila kumwambia mtu. Uzito unaoshuka huku sukari ikiwa juu daima haupaswi kupuuzwa.

Wazazi wengine hufanya kosa la upande wa pili: mtoto akifika miaka 12 humkabidhi kila kitu, kwa kuwa sasa ni mkubwa. Kujua kujidunga si sawa na kukumbuka kujidunga kila siku kwa miaka. Afadhali kazi zigawanywe taratibu, kijana apime na kudunga, mzazi ahakikishe tu kuwa imefanyika, hadi atakapothibitisha kwamba anaweza. Vijana ambao wazazi wao huendelea kushiriki bila kuwaonea huwa na sukari iliyo tulivu zaidi.

Yapo pia mambo ambayo ni aibu kuyazungumza nyumbani, nayo ni lazima yazungumzwe. Pombe huzuia ini kutoa akiba yake ya sukari, hivyo kijana aliyekunywa jioni huweza kuanguka usiku wa manane, na watu wakampita wakidhani amelewa tu. Anayeendesha bodaboda apime kabla ya kuwasha pikipiki. Msichana ajue kuwa mimba yenye sukari ya juu katika wiki za mwanzo humdhuru mtoto tumboni, na kwamba mwenye kisukari anaweza kuzaa salama akipanga mapema na daktari wake.

Katika mwambao na visiwani, swali la Ramadhani hurudi kila mwaka. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na madaktari huwahesabu vijana wenye kisukari cha aina ya kwanza miongoni mwa walio katika hatari kubwa. Hata hivyo kijana anayeona wenzake wote wanafunga huona uchungu kubaki nyuma. Akisisitiza, mpango ufanywe na daktari wiki kadhaa kabla, dozi zipangwe upya kwa futari na daku, naye akubali kufungua mara moja sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6. Kupima damu ya kidole hakubatilishi saumu, jambo ambalo viongozi wa dini hulisema mara kwa mara na bado wengi hawalisikii.

Kliniki na siku za mbele

Taabu yote hii ina ushahidi wa faida yake. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliomalizika mwaka 1993 uliwafuatilia wagonjwa 1,441 wa kati ya miaka 13 na 39. Walioitunza sukari yao kwa ukaribu, na ambao macho yao yalikuwa mazima mwanzoni, walipunguza hatari ya kuharibika kwa macho kwa asilimia 76. Figo na mishipa ya fahamu nazo zilinusurika zaidi. Tangu hapo kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa takriban miezi mitatu, ndicho kinachotazamwa na madaktari, na lengo la jumla kwa watoto na vijana ni chini ya asilimia 7. Mtoto aliye katika asilimia 12 akishuka hadi 9 amepiga hatua kubwa na astahili kuambiwa hivyo.

Kila kliniki apimwe urefu na uzito, kwani sukari isiyotulia hudumaza na kuchelewesha balehe. Kuanzia miaka 11 hivi, au balehe inapoanza, macho na mkojo huchunguzwa kila mwaka kwa waliokaa na kisukari miaka kadhaa. Nchi tajiri zimekwenda mbali, kuna vifaa vinavyobandikwa mkononi na kusoma sukari usiku na mchana, na pampu zinazomimina insulini zenyewe. Kwetu vimeanza kuonekana kwa wachache wenye uwezo. Kwa walio wengi tatizo bado ni vijiti vya kupimia, ambavyo huisha kabla ya mwezi.

Mpango wa Life for a Child, ulioanzishwa na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari mwaka 2000, na ule wa Changing Diabetes in Children, ulioanza mwaka 2009, umewapatia watoto wa Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine insulini, vipimo na mafunzo bila malipo. Misaada hiyo ina ukomo wa umri, katika miaka ya 20 na kitu, na hapo kijana hujikuta amehamishiwa kliniki ya watu wazima, miongoni mwa wazee wa aina ya pili, mbele ya daktari asiyemjua, na bili mkononi. Wengi hupotea wakati huo. Kliniki zinazofanya vizuri huanza kumtayarisha mwaka mmoja au miwili kabla: kijana huingia kwa daktari bila mzazi, hujifunza kutaja dozi zake mwenyewe, hukutanishwa na daktari mpya mapema, na huondoka na karatasi yenye mwaka aliogunduliwa, aina na kiasi cha insulini, majibu ya macho na figo, na tarehe ya kliniki ya kwanza huko anakokwenda.